Usukani watetemeka kati ya 90 na 105, balansi imeshafanywa: tatizo liko wapi?

Section58_Nakuru

Wadau, habari za jioni. Gari ni Toyota Fielder, injini ya 1.5, gia otomatiki, la kuvuta kwa mbele. Likifika kilomita 85 kwa saa usukani unaanza kutetemeka kidogo. Kati ya 90 na 105 unacheza kabisa mikononi, kushoto na kulia, na ukipita 115 unatulia kiasi. Chini ya 80 gari ni laini. Nikikanyaga breki hakuna kinachobadilika, nikiachia mafuta vilevile.

Matairi ni mapya, 195/65R15. Rimu ni za aloi, si zile zilizokuja na gari. Balansi (kusawazisha uzito wa magurudumu) imefanywa hapa mjini na mashine ikaandika sifuri magurudumu yote manne. Alaimenti (mwelekeo wa magurudumu) nayo imefanywa. Fundi sasa anataka tubadilishe saidi shafti zote mbili (zinazopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi magurudumu ya mbele) pamoja na rack end (jointi za usukani). Najaribia barabara ya kwenda Gilgil, ukishapita Mbaruk. Kabla sijatoa pesa naomba maoni ya wanaojua kazi hii.

Spana21

Ndugu, saidi shafti ziache dukani kwanza. Kwa jinsi ulivyoeleza, umeshajibu nusu ya swali lako.

Mtetemo wa mwendo kasi hutoka kwa kitu kinachozunguka, na kila kinachozunguka kina kasi yake. Gurudumu la 195/65R15 lina kipenyo cha sentimita 63 na ushei, kwa hiyo mzunguko mmoja unalipeleka karibu mita 2 mbele. Kwenye 100 linazunguka mara 14 hivi kwa sekunde. Injini ikiwa kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika inazunguka mara 42 kwa sekunde. Propela shafti (ile ndefu ya chini ya gari inayopeleka nguvu nyuma) ya gari la kusukuma kwa nyuma lenye dif (giaboksi ya ekseli) ya uwiano wa 4.1 ingekuwa mara 57.

Tofauti hiyo mwili unaijua bila kifaa. Mara 14 kwa sekunde ni mtikisiko: unauona usukani ukienda na kurudi, hata funguo zinacheza. Mara 40 hadi 60 ni mvumo: unaingia kwenye sakafu na kiti, kioo cha ndani kinapoteza sura, na masikio yanachoka. Wako unaonekana kwa macho. Hilo ni gurudumu, au kitu kilichofungwa pamoja na gurudumu.

Ukitaka kuondoa shaka kuhusu injini, tafuta sehemu iliyonyooka isiyo na magari, shika mwendo wa 95, kisha peleka gia kwenye S au B, yaani nafasi ya gia ya chini. Mshale wa injini utapanda lakini mwendo wa gari utabaki uleule. Mtetemo usipobadilika, injini na mauntini zake (mipira inayoishika) ziko nje ya kesi. Usizime ufunguo gari likiwa linakwenda kwa sababu yoyote: utapoteza msaada wa usukani na wa breki.

Kuhusu saidi shafti: ile jointi ya ndani, iliyo upande wa giaboksi, ikilika hutetemesha gari wakati unalivuta, hasa ukipanda mlima au ukiongeza mafuta ili upite lori. Ukiachia mafuta, unaisha palepale. Wewe umesema haubadiliki. Jointi ya nje yenyewe hulia ta-ta-ta ukikata kona huku unavuta. Huna dalili hata moja kati ya hizo.

Rack end, tairodi, bolijointi na bushi za mkono wa chini hazizalishi mtetemo. Zikilegea zinaukuza. Ukibadilisha utapungua, utafurahi, kisha bushi mpya zikishazoea utarudi, kwa sababu chanzo hukukigusa. Zikaguliwe, ndiyo, kwa ajili ya usalama. Alaimenti iliyoharibika huvuta gari upande mmoja na kula tairi; haitikisi usukani kwenye 95.

KanoPlains

Nakubaliana na Spana21. Naongeza jambo dogo ambalo huku Kisumu linatusumbua kila msimu wa mvua. Ukipita Ahero au barabara za ndani za Kano, ule udongo mweusi unajishika ndani ya rimu na kukauka kama tofali. Gari lililokuwa laini jana linatetemeka leo. Kabla ya mashine yoyote, fungua gurudumu, osha upande wa ndani kwa maji ya presha, kwangua kwa kipande cha mbao. Angalia pia kama kuna alama safi ya mstatili ndani ya rimu ambapo kipande cha uzito cha kubandika kimetoka. Vikibandikwa juu ya rimu chafu au yenye unyevu havikai. Rimu ipanguswe kwa spiriti na ikauke kwanza.

Halafu tembeza kiganja pole pole juu ya tairi lote, juu na ubavuni. Ukikuta uvimbe, au sehemu ya kashata (meno ya tairi) imeinuka kuliko nyingine, nyuzi za ndani zimeachana. Tairi hilo halifanyiwi balansi, linatupwa. Usilipeleke hata nyuma, na usilifanye spea.

Section58_Nakuru

Asanteni. Nimefungua yote manne: rimu ni safi ndani, uzito upo, hakuna uvimbe. Jaribio la S nimelifanya, mshale umepanda na mtetemo umebaki uleule. Nimejaribu kutikisa magurudumu ya mbele nikiwa nimepiga jeki, saa 12 na saa 6, kisha saa 3 na saa 9. Hakuna mchezo ninaouhisi.

Spana21

Vizuri. Sasa nataka uangalie kitu ambacho fundi wako hajakitaja. Ulisema rimu si za gari. Pima kwa vernia tundu la katikati la rimu, upande wa nyuma unaokaa kwenye habu (kitovu cha gari kinachobeba gurudumu). Habu ya Fielder ina kipenyo cha milimita 54.1. Rimu nyingi za dukani hutengenezwa na tundu la 73.1 ili zitoshe magari mengi, na hapo katikati inatakiwa ikae pete ya plastiki ngumu au alumini, nje 73.1, ndani 54.1. Duka likiuza rimu bila pete, gurudumu linabaki limeshikwa na nati peke yake.

Hapo ndipo mashine ya balansi inaposema kweli na gari bado linatetemeka. Mashine hushika rimu kwa koni kupitia tundu la katikati, kwa hiyo inapima gurudumu likizunguka kwenye kitovu chake halisi. Ukilirudisha kwenye gari, nati ya kwanza iliyokazwa inalivuta upande mmoja, na sasa linazunguka kwenye kitovu kingine.

Tupige hesabu. Gurudumu pamoja na tairi tuseme ni kilo 16. Likihama nusu milimita tu, gramu 16,000 mara milimita 0.5 ni 8,000. Gawanya kwa milimita 190, ambayo ni nusu ya kipenyo cha rimu ya 15, unapata gramu 42. Yaani nusu milimita ambayo jicho halioni ni sawa na mtu kubandika kipande cha gramu 42 kwenye rimu yako na kukuambia uende Gilgil. Kwenye 100 gramu hizo zinavuta habu kwa nguvu ya karibu kilo 6, mara 14 kila sekunde. Kwenye 50 nguvu hiyo ni robo tu, kilo moja na nusu, kwa sababu mwendo ukiongezeka mara mbili nguvu inaongezeka mara nne. Ndiyo maana mjini husikii kitu.

Na kwa nini unatulia ukipita 115? Gurudumu na mikono yake vimekaa juu ya mpira na springi, na vina mtikisiko wao wa asili, mara nyingi kati ya 10 na 15 kwa sekunde. Mwendo ukiangukia hapo mtetemo unakua; ukipita, unapungua mkononi ingawa nguvu bado inaongezeka. Usidhani kukimbia zaidi ni dawa. Beringi na bushi zinaendelea kupigwa.

MizaniNaKoni

Kazi yangu ni mashine ya balansi, niruhusuni niseme upande wetu, maana sifuri kwenye kioo cha mashine si ushahidi wa kutosha.

Mashine ikishasema sifuri, mwambie fundi alegeze gurudumu, aligeuze nusu duara juu ya shafti ya mashine, akaze tena na azungushe bila kubandika kitu. Isome tena sifuri au gramu 5. Ikisoma 10, 15 au 20, gurudumu halikukaa katikati ya mashine: koni ilikuwa chafu, au kubwa kuliko tundu, au uso wa rimu una kutu, au shafti ya mashine yenyewe imepinda. Jaribio hili halichukui hata dakika mbili na fundi anayejua kazi hatakataa.

Vipimo vinavyoingizwa kwenye mashine ni vitatu: umbali wa rimu kutoka kwa mashine, upana wake na kipenyo. Ukikosea upana, uzito utaandikwa vibaya na kila ukizungusha mashine inaomba zaidi. Kwa rimu ya aloi yenye vipande vya kubandika kwa ndani, chagua programu ya aloi, si ya rimu ya chuma.

Nikiona mashine inaomba zaidi ya gramu 80 upande mmoja wa gurudumu la gari dogo, siweki. Natoa upepo, nageuza tairi nusu duara juu ya rimu, najaza na kupima upya. Mara nyingi sehemu nzito ya tairi ilikuwa imeangukia sehemu nzito ya rimu. Matairi mengi mapya yana nukta ya njano: hapo ndipo pepesi, ikae karibu na valvu. Nyekundu huonyesha mahali tairi lilipo na kimo kikubwa. Rimu ikiwa na alama ya mahali ilipo na kimo kidogo, nyekundu ilingane nayo.

Na mwisho kwa upande wangu: balansi hainyooshi kitu. Gurudumu lililopinda au tairi lisilo duara linaweza kubalansiwa likasoma sifuri na bado likapanda na kushuka kila mzunguko. Piga jeki, weka kipande cha waya juu ya tofali kikaribie kashata, zungusha kwa mkono pole pole na uangalie nafasi. Rimu ya aloi ikicheza zaidi ya milimita 1, juu-chini au kushoto-kulia, ina kasoro. Tairi naliruhusu hadi milimita moja na nusu hivi.

Chavakali_Moto

Swali pembeni kidogo, msinikasirikie. Premio, rimu zake mwenyewe. Kwenye tambarare ni safi hata 110. Nikishuka kutoka Mau Summit kuelekea Salgaa na kukanyaga breki kwenye 90, usukani unatikisika na pedali inasukuma mguu. Ni kitu kilekile?

Spana21

Hapana kaka, hiyo ni diski. Mtetemo unaokuja na breki tu ni unene wa diski usiolingana. Tofauti ya sehemu mbili za mia moja za milimita inatosha kuisikia mguuni. Watu husema diski imepinda kwa joto, lakini mara nyingi haikupinda: kuna kutu kati ya diski na habu, diski inakaa mshazari kidogo, na kila mzunguko pedi zinakwangua sehemu ileile mpaka inakuwa nyembamba. Ama umeshuka mlima mrefu kwa breki, ukasimama ukiwa umekanyaga, na pedi zenye moto zikaacha alama yake.

Toa diski, safisha uso wa habu kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, rudisha, ifunge kwa nati zote, kisha ipime kwa geji ya saa karibu na ukingo wa nje. Mwisho ni milimita 0.05. Ikizidi, igeuze tundu moja mbele na upime tena. Wakati mwingine inaingia ndani ya kipimo kwa hilo tu. Unene wa chini unaoruhusiwa umechongwa kwenye diski yenyewe. Ikiwa imefika hapo hakuna kuchonga, nunua mpya, mbili kwa pamoja kushoto na kulia.

Angalia pia pini za kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski). Zitelezwe kwa mkono. Zikikwama pedi inabaki imegusa diski, na utaona gari linaanza kutetemeka baada ya kwenda muda, rimu moja ikiwa ya moto kuliko mwenzake, pamoja na harufu. Pini zipakwe grisi ya silikoni. Ile ya kawaida inavimbisha mpira. Na mteremko ule wa Salgaa ushuke kwa gia ya chini. Magari mengi yamemalizikia pale.

Section58_Nakuru

Nimepima. Tundu la rimu ni 73.1 na hakuna pete hata moja. Dukani nimepata pete mbili tu, za alumini, nikafunga mbele. Mbele kushoto mashine ikaomba gramu 85 baada ya kupimwa kwa njia ya MizaniNaKoni, tairi likageuzwa, ikashuka hadi 25. Usukani umetulia, naweza kushika kwa vidole viwili kwenye 100. Lakini sasa nahisi kitu kwenye kiti, ambacho awali sikukitambua.

Spana21

Ulikuwepo, ila ulifunikwa na wa usukani. Magurudumu ya mbele yanaongea kupitia usukani, ya nyuma kupitia kiti na sakafu. Nyuma bado huna pete, kwa hiyo usitafute mbali: nunua mbili zilizobaki. Zikishafungwa na mtetemo ukabaki, badilisha gurudumu la nyuma na la mbele upande uleule, kushoto kwa kushoto. Mtetemo ukihamia kwenye usukani, umekamata gurudumu lenyewe. Ukibaki kwenye kiti, mwenye makosa hakuhama: tazama habu, beringi na breki za nyuma.

Ukifunga, uso wa habu uwe safi, pete iingie kwa mkono bila kugongwa kwa nyundo. Gurudumu likiwa hewani, ingiza nati zote kwa vidole, kaza kwa mpangilio wa msalaba polepole huku unalizungusha kidogo, ndipo ushushe jeki na umalizie kwa spana ya torki, 103 Nm. Bunduki ya upepo isiguse nati ya kwanza. Hakikisha pia umbo la nati linalingana na tundu la rimu: rimu nyingi za dukani zinataka nati ya koni, na zipo za Toyota za aloi zinazotumia nati yenye washa bapa. Ukichanganya, gurudumu halitakaa katikati hata ukiwa na pete, na linaweza kulegea njiani. Baada ya kilomita 50 hadi 100 kaza tena.

Mama_Spea_Kibuye

Wanangu, naomba nisisitize hapo kwenye nati. Wateja wanakuja kununua stadi (boliti za gurudumu) badala ya zilizokatika, na ukiziangalia hizo zilizokatika, uzi umeliwa upande mmoja. Hiyo si stadi mbovu, ni gurudumu lililokuwa likitembea juu yake. Toyota nyingi ndogo ni uzi wa 12 kwa 1.5. Nati ikigoma kuingia kwa vidole, usiilazimishe kwa spana.

KanoPlains

Shikamoo Mama. Kweli kabisa. Na wengine hujaribu kutafuta mtetemo kwa kupiga jeki upande mmoja na kukanyaga mafuta gari likiwa hewani. Kwa gari la kuvuta mbele hiyo ni hatari, na pia inadanganya. Gurudumu moja likiwa chini, lile la hewani linazunguka mara mbili ya kinachosomwa na spidomita: ukiona 60, lenyewe liko 120. Halafu mkono wa chini ukining'inia, jointi za saidi shafti zinakunjwa kupita kiasi na zinatetemeka hata zikiwa nzima. Utanunua kipuri kizuri kutupa kizuri.

Stendi_Kitale

Wakubwa, mimi ni Hiace ya abiria. Mvumo uko chini ya sakafu, katikati ya gari, kuanzia 60 hadi 80. Abiria wakiwa wamejaa unapungua, gari likiwa tupu unazidi. Magurudumu yamebalansiwa. Usukani hauna neno.

Spana21

Hiyo ni propela shafti, na pembe yake inabadilika na mzigo, ndiyo maana abiria wanaituliza. Tairi la 195/80R15 kwenye 80 linazunguka mara 10 kwa sekunde. Kwa dif ya 4.1 shafti inapata mara 42. Ndiyo mvumo unaousikia.

Weka gari kwenye stendi imara, gia ikiwa huru, handibreki imeachiwa, magurudumu ya mbele yakiwa na mawe. Shika shafti kwa mikono miwili uizungushe kulia na kushoto kwenye kila krosi (jointi ya msalaba inayounganisha shafti). Krosi nzima haina mchezo hata kidogo. Ukiona vumbi jekundu likitoka kwenye vikombe vyake, sindano za ndani zimekwisha kukauka. Kisha senta beringi, ile inayobeba shafti katikati: sukuma shafti juu na chini, uangalie mpira unaoibeba. Ukipasuka, shafti inashuka na pembe zinaharibika. Tazama pia mwili wa shafti kama una udongo ulioganda, umebonyea, au una alama ya kulehemu mahali kipande cha uzito kilipong'oka.

Kabla hujafungua boliti moja, piga alama ya rangi kwenye flanji ya dif na ya shafti, na nyingine mahali shafti mbili zinapoingiliana. Zikirudishwa zimegeuzwa, krosi hazitalingana na mvumo utakuwa mkubwa kuliko ulipoanza. Fundi wa kulehemu anayebadilisha bomba la shafti bila mashine ya kuibalansi msimpe kazi hiyo.

Stendi_Kitale

Vumbi jekundu lipo, krosi ya nyuma. Alama nimepiga kwa rangi nyeupe pande zote mbili. Nikifunga mpya, zile klipu za vikombe ziingie zote sawa au kuna zenye unene tofauti?

Spana21

Zipo za unene tofauti. Chagua zenye unene sawa pande mbili zinazotazamana, ili krosi ikae katikati, na uchukue nene zaidi itakayoingia kwenye mfereji wake. Ukishafunga, krosi ikunjike kwa mkono bila kukwama na bila kucheza. Ikiwa ngumu, gonga masikio ya shafti kidogo kwa nyundo ya shaba ili vikombe vikae nje dhidi ya klipu, kisha jaribu tena. Kama ina chuchu ya grisi, ielekee upande ambao bunduki ya grisi itafika shafti ikiwa garini.